Mashine ya kufyonza vumbi inaacha mchanga kwenye zulia

Wakuu, mashine inanguruma vizuri lakini zulia linabaki na mchanga, na kwenye vigae inarusha makombo pembeni. Mfuko haujajaa. Tatizo ni nini, na inafaa kupitisha mara ngapi kwa wiki?

Jibu: Mkuu, usisubiri mfuko ujae. Ukifika theluthi mbili badilisha, maana vumbi laini huziba vitundu vyake na hewa haipiti. Kisha chomoa plagi, pindua kichwa cha mashine uangalie brashi inayozunguka. Nywele na nyuzi hujisokota humo, hasa kwenye ncha mbili. Kata kwa mkasi kufuata urefu wa brashi, halafu vuta. Angalia na mkanda wake: ukilegea, injini inalia lakini brashi haizunguki.

Jibu: Kwenye vigae zima hiyo brashi, ndiyo inayorusha makombo. Zulia lipitie polepole kwenda na kurudi, kisha kwa kukatisha. Mchanga hujificha kwenye mashina ya nyuzi na ukikanyagwa unazikwangua, kwa hiyo mlangoni na koridoni usiache zipite siku 2. Vyumba vya kulala, mara 1 kwa wiki yatosha.

Jibu: Msisahau kichujio! Cha sponji oshea maji matupu, ukiache saa 24 kikauke kabisa. Kikirudi na unyevu, vumbi linageuka tope na mashine inanuka. Bado inavuta kidogo? Chomoa bomba, dondosha sarafu ndani. Isipotokea upande wa pili, limeziba.