Gumzo la familia: Dada aache kazi ajiunge na karakana?

Baba: Habari za jioni nyote. Nimeona tulizungumze hapa kwa kuwa linatuhusu sote. Magoti yangu hayaniruhusu tena kusimama kutwa nzima kwenye mashine ya kupasulia mbao, na oda zinaongezeka. Namwomba binti yangu mkubwa aache kazi yake ya uhasibu, aje tuiendeshe karakana pamoja. Mwanangu, usinijibu kwa kunionea huruma.

Dada: Shikamooni wazee wangu. Baba, sikatai, ila naogopa kukubali kabla sijajua ninakubali nini hasa, kwa sababu nikishaondoka kazini nafasi yangu itajazwa na mtu mwingine. Nyumbani nikikosea unanikemea na yanakwisha. Karakanani nikikosea, utanikemea kama mwanao au kama mfanyakazi wako?

Kaka: Shikamoo Baba. Nashukuru Dada ameuliza. Mimi nimo karakanani tangu nilipomaliza shule, na hadi leo sijui mshahara wangu ni kiasi gani. Nikihitaji fedha naomba, nawe hujawahi kuninyima. Lakini mwaka ukiisha siwezi kusema nimepata nini, wala wewe huwezi kusema nimekugharimu nini. Dada akija kwa mshahara ulioandikwa, mimi nitasimama wapi?

Mama: Mwanangu, maneno haya ulikuwa umeyaweka wapi siku zote?

Mjomba: Heri ameyasema sasa. Adolf na Rudolf Dassler walikuwa na kiwanda kimoja cha viatu huko Herzogenaurach, Ujerumani. Mwaka 1948 walitengana, mmoja akaanzisha Puma na mwenzake Adidas. Biashara zote mbili zilistawi, lakini hao ndugu wa tumbo moja waligeuka kuwa mahasimu, na mimi sitaki kuyaona hayo kwa wapwa zangu.

Dada: Mjomba, ndiyo maana nataka tutenganishe mambo. Katika miaka ya 1970, Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard walichora maduara matatu yanayopandana: familia, umiliki na biashara. Mimi leo nimo kwenye duara la familia tu, Kaka yumo kwenye familia na kazi, na Baba yumo kwenye yote matatu, kwa hiyo fedha ileile kila mmoja anaiona kwa jicho lake. Mshahara ni malipo ya kazi, na gawio, yaani fungu la faida, ni haki ya mwenye hisa. Naona Kaka alipwe kile ambacho Baba angemlipa fundi mkuu asiye ndugu yetu, na faida ijadiliwe kando, hata kwa wale ambao hawatashika randa kamwe.

Dada: Tena, Kaka alinitumia picha ya daftari la karakana. Kwenye ukurasa mmoja nimeona malipo ya awali ya kabati la mteja, bei ya gundi na misumari, kisha ada ya shule ya Kitindamimba, vyote vikifuatana kwa kalamu moja bila mstari wa kuvitenganisha. Kabati bado halijatengenezwa, na fedha yake imekwisha.

Shangazi: Hapo umegusa penyewe. Kongo Gumi, wajenzi wa mahekalu wa Japani, walianza mwaka 578 na wakadumu mikononi mwa ukoo kwa zaidi ya miaka 1,400, na mara nyingine uongozi ulipewa mkwe aliyeiweza kazi. Mwaka 2006 madeni yaliwalazimisha kuachia biashara kwa kampuni nyingine. Kaka yangu, mfungulie binti vitabu vyote, hasa vya mikopo, kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.

Baba: Upo mkopo mmoja. Nyumba ndiyo dhamana. Mama yenu anajua.

Mama: Najua, na nilikuwa nasubiri uwaambie mwenyewe.

Dada: Ahsante kwa kusema, Baba. Basi naomba nibaki kazini kwanza, niwe nakuja mwisho wa juma kupanga hesabu, tufungue akaunti ya karakana iliyo mbali na ya nyumbani, na hakuna atakayetoa fedha kwenye droo bila stakabadhi, hata wewe. Tukiona mkopo unalipika, tuandike kazi ya kila mtu, nani ana neno la mwisho kwenye jambo lipi, na hisa zitathaminiwaje mmoja wetu akitaka kuondoka. Mafundi na mbao vibaki kwa Kaka, maana mimi sijui hata kuinoa patasi.

Baba: La droo ni gumu kwangu, kwa kuwa nimeizoea tangu hamjazaliwa, lakini nakubali. La kuandika namna ya kuondoka limeniuma, maana ni kama mtu kuulizia mlango wa kutokea kabla hajaingia. Hata hivyo tutaliandika. Na wewe kijana wangu, niandikie mshahara unaoona ni haki yako, usinionee haya.

Kaka: Nitaandika, Baba.

Kitindamimba: Shikamoo Baba. Sasa ada yangu itatoka wapi?

Baba: Kwenye mshahara wangu. Dada yako atanipangia na mimi.

Dada: Nitaanza na wako, Baba. Jumamosi naomba nikute mkataba wa mkopo mezani.