Nina kibanda cha kuchapa Wandegeya: niachane na Office ya kukraki nihamie LibreOffice?

MchapajiWandegeya: Habari zenu wakuu. Nina kibanda cha kuchapa na fotokopi hapa Wandegeya, Kampala: laptopi mbili kuukuu za RAM ya GB 4 na printa moja. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Makerere na ripoti zao za utafiti. Office yangu ni ya kukraki, yaani haina leseni ya kweli. Kila ikigoma namwita fundi, na kila akija ni shilingi 30,000. Safari ya mwisho aliniachia na kirusi, flashi za wateja zikawa zinaonyesha shotikati tupu. Kijana mmoja nusura alie pale kaunta.

Juzi mpwa wangu kaniwekea LibreOffice kwenye laptopi moja. Ni ya bure, PDF inatoa kwa kubofya mara moja, nikaipenda. Jana kaja binti na ripoti ya kurasa 61, naifungua, kurasa 64! Yaliyomo yanasema Sura ya Nne iko ukurasa wa 38, naikuta wa 40. Alinitazama kama mwizi. Nihame kabisa au nirudi kwa fundi?

FundiBusia: Kaka, usiilaumu programu kabla hujaangalia fonti. Office mpya huanza na Aptos badala ya Calibri, na Aptos huja na Office yenyewe, haimo kwenye Windows yako. Ikikosekana, programu inaweka fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inavunjika kwingine, kurasa zinaongezeka. Hata hiyo Office yako ya zamani ingeyumba vilevile. Weka Times New Roman kote, kisha bofya kulia juu ya yaliyomo uyasasishe.

mhasibu_mbarara: Mimi nilihama, nikarudi nusu. Mahesabu ya kawaida Calc (programu ya mahesabu ya LibreOffice) inayaweza, safu milioni moja na ushei kama Excel. Shida ni makro, zile amri zinazofichwa ndani ya faili ili vitufe vyake vifanye kazi. Nilijaza fomu ya Excel yenye vitufe saa nzima, nikabofya kitufe cha kuhakiki, kimya. Nikabofya tena, kimya. Kama wateja wako wanaleta fomu za namna hiyo, bakiza Excel halali kwenye mashine moja.

Nakku_mwaka_wa_tatu: Naongea kama mteja. Kuna kibanda kilinirudishia kazi ikiwa .odt (aina ya faili ya LibreOffice), msimamizi akaifungulia kwenye simu, ikagoma, akadhani nampotezea muda. Tafadhali ssebo, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi uweke .docx, aina ya faili ya Word, iwe ya kudumu.

kijana_wa_Arua: Weka WPS tu, nayo ni programu ya ofisi, inafanana na Word.

FundiBusia: Inafanana, na matangazo yake juu. Kwenye kibanda chenye foleni hayo yatakuchosha. Hata LibreOffice ukitaka vichupo juu kama Word, vipo, ni kubadilisha mwonekano tu.

MzeeBombo: Angalieni jina vizuri wakati wa kupakua. LibreOffice ilijitenga na OpenOffice mwaka 2010, baada ya Oracle kuinunua Sun, kampuni iliyokuwa na OpenOffice. OpenOffice ya Apache bado ipo, lakini inafungua .docx bila kuweza kuihifadhi kama .docx. Watu wanapakua hiyo, wanakwama, halafu wanatukana vya bure vyote. Sisi wazee tunakumbuka mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilivyotoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili. Niliwahi kuitumia, nikawa natafuta "Hifadhi" kama mgeni kwa lugha yangu mwenyewe.

mhasibu_mbarara: 😂 Mzee!

MchapajiWandegeya: Wakuu, nimerudi. Kweli ilikuwa Aptos. Nimeweka Times New Roman saizi 12, ripoti imefika kurasa 66, ila yaliyomo sasa yanalingana na kurasa zake, na binti kaniambia idara yao inataka fonti hiyohiyo. Nilimpa na PDF kwenye flashi ili akichapisha kwingine isisogee.

Nimeamua hivi: LibreOffice laptopi zote mbili. Mwenye fomu ya makro nitamwambia wazi siifanyi, hadi nipate hela ya leseni moja ya kweli. Nakku, .docx nimeshaweka.

Yule fundi wangu wa 30,000 kanipigia leo asubuhi kuuliza kama Office imeshagoma. Nimemwambia bado.