Kundi la familia: ujazo wa yai

Neema: Shikamooni wakubwa. Nimepewa zoezi la kukadiria ujazo wa chakula chochote kwa kalkulasi. Nimechagua yai, ila fomula ya tufe hailifai, limechongoka upande mmoja.

Baraka: Litumbukize majini uone maji yamepanda kiasi gani. Kwisha.

Neema: Maji yatakuja mwisho, ya kuhakiki. Kwanza hesabu.

Mjomba Salim: Marahaba Neema. Umechagua vizuri, maana yai ukililaza na kulikata wima, kukingama urefu wake, popote pale unapata duara. Lichukulie kama vipande vyembamba vilivyopangana. Ujazo wa kila kipande ni pai × nusu kipenyo kwa kipeo cha pili × unene. Jumlisha kutoka ncha hadi ncha. Unene ukizidi kupungua kuelekea sifuri, jumla hiyo ndiyo integrali.

Neema: Hapo nipo. Ninapokwama ni kwamba sina mlinganyo wa umbo la yai.

Mjomba Salim: Huuhitaji, vipimo vinatosha. Lipige picha kwa ubavu, rula ikiwa kando yake na imeinuliwa usawa wa katikati ya yai. Simama mbali kidogo, ukisogea karibu sana picha inapotosha umbo. Kisha soma kipenyo kila baada ya sentimita moja.

Neema: 📷
Urefu sm 6. Vipenyo kuanzia upande butu: 0, 3.5, 4.3, 4.4, 4.0, 3.0, 0.

Mjomba Salim: Safi. Ukijumlisha maeneo ya miduara hiyo na kuzidisha kwa sentimita moja moja, unapata kama 59.0. Ni pungufu, kwa sababu yai limebinuka kwa nje na hesabu hiyo inakata mibinuko. Tumia kanuni ya Simpson: kipimo cha kwanza na cha mwisho mara 1, vya kati mara 4, mara 2, mara 4, kwa zamu, halafu zidisha jumla kwa theluthi ya hatua yako, ambayo hapa ni sentimita moja.

Neema: Vipeo vya pili vya vipenyo: 12.25, 18.49, 19.36, 16, 9.
(4 × 40.61 + 2 × 34.49) ÷ 3 = 77.14
Mara pai, gawanya kwa 4: sentimita za ujazo 60.6 🎉

Babu: Kanuni hiyo Wajerumani wanaiita ya Kepler, ya mapipa. Johannes Kepler, mwanafalaki wa Kijerumani, alioa mara ya pili mwaka 1613, alipokuwa akiishi Linz, Austria. Akamwona muuza mvinyo anapima pipa kwa kutumbukiza fimbo kwa mshazari na kusoma bei hapo hapo. Haikumwingia akilini kwamba pipa refu na pipa pana vipimwe hivyo hivyo. Mwaka 1615 akatoa kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa, kabla Newton na Leibniz, waasisi wa kalkulasi, hawajazaliwa.

Shangazi Rehema: Asante Babu, hilo sikulijua. Neema, wanaochunguza ndege wana njia fupi. Donald Hoyt alionyesha mwaka 1979 kwamba 0.51 × urefu × upana kwa kipeo cha pili inatosha kwa mayai mengi.

Neema: 0.51 × 6 × 19.36 = 59.2. Karibu kabisa na yangu! Lakini 0.51 imetoka wapi?

Mjomba Salim: Duaradufu ukiizungusha kwenye mhimili wake mrefu, namba hiyo ni pai ÷ 6, yaani 0.524 hivi. Yai limechongoka, ndiyo maana inashuka kidogo.

Baraka: Nina mizani ya jikoni hapa. Nimwage maji kwenye gilasi?

Mjomba Salim: Usimwage. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe sifuri. Lifunge yai kwa uzi, lininginize hadi lizame lote bila kugusa chini wala kando. Gramu zitakazoongezeka ndizo sentimita za ujazo, maana sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu moja.

Baraka: Yai ni lile lile la Neema. Inasoma 60.

Neema: Tofauti ni asilimia 1 tu!!

Mjomba Salim: Na andika kwenye zoezi tofauti hiyo inatoka wapi, usiiache. Ukikosea urefu kwa milimita 1 kati ya 60, ujazo unapotea kwa asilimia 1.7. Ukikosea upana kwa milimita 1 kati ya 44, unapotea kwa zaidi ya 4.5, kwa kuwa upana unaingia kwa kipeo cha pili. Upana ndio wa kupimwa kwa makini: libane yai kati ya vitabu viwili vilivyosimama wima, upime nafasi iliyo kati yao.

Baraka: Na ndizi? Imepinda.

Mjomba Salim: Inawezekana. Vipande vikatwe kwa pembe mraba na mpindo wake, na urefu upimwe kwa uzi unaofuata mstari wa katikati. Upande wa nje kila kipande ni kinene zaidi na wa ndani ni chembamba zaidi, vinafidiana.

Baraka: Naleta vipimo vya ndizi jioni.