Mjadala: Simu inakata DNA ya seli za binadamu, au tunatishana bure?

Kokoto: Wakuu, tuongee hili bila ushabiki. Mwaka 1995 Lai na Singh wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliwapiga panya mawimbi ya redio ya megahezi 2450 kwa saa 2. Seli za ubongo zilipopimwa, nyuzi za DNA zilikuwa zimekatika kuliko za panya wa kulinganishia. Kipimo cha nguvu inayomezwa na mwili kilifika wati 1.2 kwa kilo, na simu Marekani inaruhusiwa 1.6! Baadaye mradi wa Ulaya ulioitwa REFLEX ukaona mikato kwenye seli za binadamu pia, megahezi 1800. Wanaosema simu haina neno wamesimama wapi?

Fundi Mawimbi: Umechanganya vipimo. Hiyo 1.2 ni wastani wa mwili mzima wa panya. 1.6 ya simu inapimwa kwenye gramu 1 ya nyama iliyopata zaidi. Kwa mwili mzima kikomo cha raia ni 0.08. Halafu fizikia: chembe moja ya wimbi la megahezi 1800 inabeba kama elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) 0.000007. Joto la mwili wako sasa hivi linazitikisa molekuli kwa 0.027, zaidi ya mara 3000 ya hapo. Uzi wa DNA haukatwi na hicho. Na msinitajie lile kundi la 2B la IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, la vitu vinavyoshukiwa huenda vinaleta saratani, walikoyaweka mawimbi ya simu mwaka 2011, maana humo humo wameweka achari na shubiri. Anayekula pilau kwa achari huku anaongea na simu tumsomee talakini kabisa.

Bi Mkaidi: Achari imekukosea nini wewe? Soma kilichoandikwa. IARC, mwaka 1993, walitaja mboga za kuchachushwa kwa desturi ya Asia: zinatiwa chumvi, zinafungiwa mtungini majuma kadhaa, kuvu inaota, nitrosamini, kemikali zinazoweza kuleta saratani, zinajitengeneza. Achari ya embe ya Pwani huanikwa juani ikakauka, ndipo ikaingia siki na pilipili. Haichachi! Kama vipimo vya simu unavisoma hivi unavyosoma vyakula, Mungu atunusuru.

Mwana wa Tongoni: 😂😂 Na shubiri naye amemsingizia. Kilichoorodheshwa ni dondoo la jani zima, pamoja na ule utomvu wa njano mchungu chini ya ganda, waliopewa panya kwenye maji ya kunywa. Ute mweupe wa ndani uliosafishwa ni habari nyingine.

Fundi Mawimbi: Jamani, nilitania. Mambo ya jikoni nawaachia wa jikoni.

Bi Mkaidi: Wa jikoni ndio wanaojua joto, bwana fundi, na joto ndilo ulilolikimbia. Wati 2 kwa kilo kwenye kitu chenye maji hupandisha joto kama nyuzi 0.03 kila dakika pasipokuwa na kinachoondoa joto. Kichwani damu inapita inalibeba. Kwenye sahani ya maabara damu iko wapi? Dakika 10, nyuzi 0.3. Piga hesabu yako ya elektronivolti halafu uniambie sahani hiyo imepimwa mawimbi au imepimwa moto.

Sumaku: Hapo Bi Mkaidi kagonga penyewe, ila hoja hiyo inamsaidia fundi kuliko anavyojua yeye. Majaribio mengi yaliyoona mikato yameangukia hapo, na kwenye kuhesabu. Walichotumia Seattle na REFLEX kinaitwa jaribio la nyotamkia. Seli unazichanganya na agarosi (aina ya jeli) laini ya nyuzi 37, unatandaza kwenye kioo, unazitumbukiza kwenye maji ya chumvi kali na sabuni, pH 10 (alikali), baridi ya nyuzi 4, saa 1 au zaidi. Kisha pH juu ya 13, dakika 20 hadi 40, DNA ijifungue. Unapitisha umeme, volti 25 hivi, dakika 20 au 30. Vipande vilivyokatika vinakimbia mbele, vinaonekana kama mkia.

Sasa makosa. Ukiwasha taa nyeupe kali wakati wa kazi, mwanga wenyewe unakata DNA. Ukizichelewesha seli kwenye tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua kwenye sahani, unazikata kwa mkono wako. Vioo vya pembezoni mwa sinia ya umeme havipati sawa na vya katikati, kwa hiyo sampuli zisipochanganywa nafasi umeshajidanganya. Na mikia ikikadiriwa kwa jicho, anayehesabu akijua kioo kipi kilipigwa mawimbi, basi. Speit na wenzake kule Ulm, Ujerumani, mwaka 2007, walirudia jaribio la REFLEX kwa seli zile zile na mtambo wa aina ile ile. Hawakuona kitu. Hata ya Seattle ilirudiwa St. Louis, Marekani, mwaka 1998, ikagoma.

Kokoto: Na ule utafiti wa NTP, mpango wa taifa wa kuchunguza sumu wa Marekani, 2018? Panya dume walipata uvimbe wa moyo.

Sumaku: Saa 9 kwa siku, mwili mzima, hadi wati 6 kwa kilo, miaka 2. Na panya dume waliopigwa waliishi *muda mrefu* kuliko wasiopigwa. Kama unaupokea uvimbe, pokea na umri.

Bi Mkaidi: Kwa hiyo wewe unachagua la umri, unaacha la uvimbe?

Sumaku: Nimesema pokea vyote, dada. Soma taratibu.

Bi Mkaidi: Mimi si dada yako.

Mwana wa Tongoni: Tuwekeni sawa. Huku watu wanaandamana mnara wa simu uondolewe karibu na madrasa. Mnara na simu kipi kibaya?

Fundi Mawimbi: Mnara ukiondolewa, simu za hao hao watoto zitatumia nguvu zaidi. Simu ya 2G kwenye megahezi 900 inapiga hadi wati 2, lakini kwa zamu moja kati ya 8, wastani wati 0.25. Mtandao ukiwa mzuri inashusha. Ukiwa mbovu inapandisha hadi mwisho, nayo iko sikioni. Nguvu ya wimbi inashuka kwa mraba wa umbali: mara 10 mbali, mara 100 pungufu. Mwenye wasiwasi atumie spika au waya wa masikioni, na asing'ang'anie simu ndefu penye mstari mmoja wa mtandao. Simu nyingi ukipiga \*#07# zinakuonyesha kipimo chake. Hapa Tanzania vipimo vya minara uliza Tume ya Nguvu za Atomu.

Kokoto: Kipimo cha kiwanda nacho si msahafu. Ufaransa 2023 waliipima iPhone 12 ikiwa imeshikwa mkononi, wakapata 5.74 na kikomo chao ni 4. Ikasimamishwa kuuzwa.

Fundi Mawimbi: Sawa, na programu ilisahihishwa. Lakini hiyo ni kukiuka kikomo, haijasema DNA imekatika.

Kokoto: Niliuliza DNA, nimepata mnara na achari. Haya, Bi Mkaidi, hilo embe linaanikwa siku ngapi?

Bi Mkaidi: Siku 2 au 3 za jua kali, kipande ukikikunja kisivunjike. Na mwambie fundi siki asiikadirie kwa jicho.