Tupeane kumbukumbu: picha za zamani za Simba na watu waliomo ndani yake

Wakuu salaam. Wazee wetu shikamooni.

Klabu yetu ya soka, Simba, ilianzishwa 1936. Ilipita kwenye majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971, na ni kwa jina la Sunderland ndipo ilipotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1965. Hayo kila Mwanamsimbazi, yaani mtu wa Simba, anayajua. Lakini nikiweka mezani picha ya kikosi kile, nikaomba tuwataje vijana wale mmoja mmoja, naamini tutaishia watatu au wanne, kisha kimya. Hilo linaniuma kweli.

Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo Simba ya Kibadeni, Simba ya Mogella, hata ile iliyocheza fainali ya Afrika 1993, wengi wetu tuliipata kwa sauti za watangazaji wa redio kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, na kwa picha mnato za magazetini. Hakuna marudio ya kukaa ukatazama. Kilichobaki kimo kwenye albamu za sebuleni, kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, na kwenye vichwa vya watu ambao umri umekwenda. Kila msiba wa mzee wa Msimbazi unaondoka na majina ambayo hayakuandikwa popote.

Basi tupeane. Mwenye picha aiweke na maelezo kama magazeti yetu yalivyoandika: waliosimama kutoka kushoto, waliochuchumaa kutoka kushoto. Usiyemjua acha nafasi yake wazi, atatokea wa kuijaza. Asiye na picha alete kumbukumbu.

Naanza na yangu. Ni jukwaani Uwanja wa Taifa, huu tunaouita Uhuru siku hizi, Novemba 1993, kabla mpira haujaanza. Tulikuwa tumeitoa Atlético Aviação ya Angola kwenye nusu fainali, tukaenda Abidjan kwenye fainali ya kwanza tukatoka sare ya 0-0 na Stella ya huko. Kombe la CAF lilikuwa limebakiza dakika 90, nyumbani kwetu, Rais Mwinyi yupo uwanjani. Mtu wa katikati mwenye shati jekundu ni mjomba wangu. Sikuwahi kuuona tena uso wake na furaha ya namna ile kwa sababu ya mpira. Baadaye Boli Zozo akatufunga mara mbili, tukalala 2-0, na mjomba akakataa picha hii isitundikwe ukutani. Ilikaa ndani ya kitabu hadi alipofariki.

Kushoto kwake kuna kijana ameinua redio juu. Anayemfahamu anisaidie.

Mzee wa Gerezani

Marahaba wanangu. Mleta mada umefanya jambo la maana, nami nitasema nililoliona.

19 Julai 1977 nilikuwepo uwanjani. Simba sita, Yanga bila. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan Masimenti mawili, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga. Vijana mnaijua namba, ila namba haikuonyeshi Kibadeni alivyokuwa. Hakuwa mtu mrefu. Beki akimjia kwa mwili alikuwa anazama chini yake, anageuka, na mpira bado uko mguuni. Tulimwita King Mputa na hakuna aliyeona jina limezidi.

Bao la sita alilifunga mwisho kabisa, dakika ya 89. Wakati huo watu wa upande wa pili walishaanza kutoka, na wengine wetu tulikuwa hatushangilii tena, tunacheka tu kama watu waliopatwa na jambo wasilolielewa.

Nina kipande cha gazeti cha kesho yake. Mjukuu wangu mwaka juzi alitaka kukipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi kifunikwe plastiki ya moto, nikamzuia. Karatasi ya gazeti ukiishaibandika vile huitoi tena. Nimekilaza kwenye bahasha kati ya kadi mbili ngumu. Kesho mchana nitampa akipige picha nje barazani.

Binti Nyamagana

Mimi naleta picha ya kufungwa. Nadhani hizo nazo zina haki ya kuwepo hapa.

Hii ni Mwanza, 10 Agosti 1974, nje ya Uwanja wa Nyamagana. Aliyevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, nywele afro, ni baba yangu, hajaoa bado. Siku hiyo Simba na Yanga zilikutana kwetu Mwanza kuamua ubingwa. Adam Sabu alitufungia, tukaongoza karibu mchezo wote. Kisha Gibson Sembuli akasawazisha, na kwenye muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. 2-1, ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga.

Baba alisimulia mechi hii maisha yake yote kuliko zile tulizoshinda. Alikuwa akifika kwenye bao la Sembuli ananyamaza kidogo, anamimina chai, ndipo anaendelea. Mama alikuwa anaijua hadithi hiyo kwa moyo na bado hakumkatisha hata siku moja.

Na msisahau kwamba mwaka huohuo wa 1974 timu hiyohiyo ya Simba iliwatoa Hearts of Oak ya Ghana, tukishinda 2-1 hukohuko Accra, ikafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Mehalla ya Misri walitutoa kwa penalti baada ya kila timu kushinda 1-0 kwao. Katika simulizi za mitaani Nyamagana imeifunika Accra, na mimi naona si sawa. Mwenye picha yoyote ya safari ile ya Ghana, tafadhali.

Mtoto wa Reli, Mbeya

Dada hapo juu, pole na hongera kwa wakati mmoja.

Sisi tulikulia kwenye nyumba za TAZARA. Baba alikuwa wa reli, na treni za Zambia ndizo zilizotuletea maneno baada ya Mufulira Wanderers kutufunga 4-0 Dar es Salaam mwaka 1979. Kila mfanyakazi wa upande ule aliyeshuka alikuwa na la kusema, na baba alilazimika kufanya nao kazi zamu nzima.

Siku ya marudiano Lusaka, redio iliwekwa dirishani. Wengi walikuja kwa heshima tu, maana nani alitegemea? Thuwein Ally akaanza kufunga. La kwanza watu wakapiga makofi. Lilipoingia la tatu majirani waliokuwa majumbani mwao wakaja mbio. Tano bila, ugenini, Thuwein peke yake ana matatu! Baba alitoka nje amevaa kofia yake ya kazi akatembea hadi stesheni, usiku, hana zamu. Alitaka tu awepo pale treni ya kutoka Zambia ikiingia.

Picha niliyonayo ni yake na kofia hiyo, ilipigwa siku chache baadaye studio mjini Mbeya. Nyuma kuna muhuri wa studio na maandishi yake ya penseli: "5-0 Lusaka". Ya kikosi chenyewe sina, na sijawahi kuiona iliyo kamili.

Mleta mada

Mtoto wa Reli, umenikumbusha la kusema. Wakuu, pigeni picha na upande wa nyuma. Muhuri wa studio, tarehe, hata namba ya filamu, vyote vinatusaidia kujua mwaka. Albamu zile za gundi msibandue kwa nguvu, uso wa picha utabaki kwenye karatasi. Piga ikiwa palepale, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu kuipiga usoni. Ukitaka kuandika jina nyuma tumia penseli laini, kalamu ya wino hupenya.

Kuhusu miaka: kikosi kikiitwa Sunderland, picha ni ya 1971 au kabla. Ukiona majukwaa ya viti mzunguko mzima na paa, huo ni uwanja mpya uliofunguliwa 2007, wa Mkapa, kwa hiyo maelezo ya "miaka ya tisini" hayawezi kuwa kweli. Nasema hivi kwa sababu kuna picha zinazunguka kwenye makundi ya simu zikiwa na tarehe za kubuni, na watoto wetu wanazichukua kama historia.

Mtani wa Jangwani

Naomba niingie kwa adabu. Mimi ni Yanga, na babu yangu alikuwepo 1 Juni 1968 tulipowafunga tano, lakini sikuja kwa hilo.

Yule kijana mwenye redio kwenye picha ya mjomba wako namjua. Alikuwa fundi redio Mtaa wa Swahili, Kariakoo, Simba wa kutupwa. Redio aliyoinua aliiunda mwenyewe kutokana na mbili mbovu. Ametangulia mbele ya haki, lakini wanawe wapo. Jina sitaliweka hapa kabla hawajaridhia. Nitakutumia pembeni namba ya mkubwa wao, umpelekee hiyo picha. Sidhani kama wanayo ya baba yao akiwa kijana.

Mleta mada

Mtani, sina la kukulipa. Nitaichapisha kubwa na nitampelekea mwenyewe kwa mkono.

Kaseja Damu

Yangu ni 2003. Zamalek ya Misri walikuja hapa wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika. Emmanuel Gabriel akawafunga, 1-0. Kule Cairo nao wakashinda 1-0, ikawa penalti, na Juma Kaseja akasimama golini. Tukashinda 3-2, kocha James Siang'a, tukaingia makundi na Enyimba, Ismaily na ASEC.

Nina ukurasa wa gazeti wa wachezaji wakirudi. Watu wote wanamwangalia Kaseja. Mimi naomba mumwangalie Christopher Alex. Ndiye aliyepiga penalti ya mwisho, ile iliyomaliza kazi. Alifariki 2013 huko Dodoma, na kuna mashabiki wanaovaa jezi leo hawajawahi kulisikia jina lake. Nikiulizwa ni picha ya nani iwekwe klabuni Msimbazi kwanza, kwa upande wangu ni yake.

Shabiki wa Kigali

Habari zenu ndugu. Huku Rwanda tulimpenda Patrick Mafisango tangu akiwa klabu yetu ya APR, mzaliwa wa Kinshasa aliyevaa jezi ya Amavubi, timu yetu ya taifa. Akaenda Azam, kisha kwenu. Tarehe 6 Mei 2012 mlipowafunga Yanga 5-0, Okwi alifunga mawili, na penalti tatu zikapigwa na watu watatu: Mafisango, Sunzu, na Kaseja ambaye ni kipa. Nilikuja Dar kwa basi kuiangalia. Nina picha ya Mafisango akishangilia, nilipiga kwa kamera ndogo kutoka mbali, haijatulia vizuri.

Tarehe 17 mwezi huohuo akafariki kwa ajali ya gari. Nilikuwa bado sijaihamisha ile picha kwenye kompyuta.

Dogo wa Amaan

Wakubwa shikamooni. Mimi sina picha ya karatasi hata moja. Mei 2025 nilikuwa Zanzibar, Uwanja wa New Amaan, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco, mechi ya marudiano. Tulitoka Morocco tumefungwa 2-0, Mutale akafunga mapema, matumaini yakarudi, ikaisha 1-1. Fainali yetu ya kwanza Afrika tangu hiyo ya mjomba wa mleta mada.

Nilipiga picha nyingi mno siku ile. Simu ikaibiwa kwenye foleni ya boti. Zilizobaki ni mbili nilizomtumia dada yangu, moja ni mimi na mzee mmoja nisiyemjua, tumeshikana mabega baada ya bao. Ana skafu ya zamani sana, imefumwa kwa mkono. Nimesoma hapa nikaenda kuichapisha leo. Nyuma nimeandika tarehe na uwanja. Jina la mzee nimeliacha wazi.

Mzee wa Gerezani

Dogo, iweke tuione. Skafu za kufuma walikuwa wakivaa watu wachache, na wengi nawajua.

Mleta mada

Wakuu, ninakusanya zote kwenye faili moja kwa mwaka. Mpaka sasa pengo kubwa ni haya: kikosi kilichoanza Lusaka 1979, picha yoyote ya Accra 1974, na kikosi cha Sunderland cha 1965, ambacho ninacho, waliosimama na waliochuchumaa, lakini katika waliochuchumaa wawili wa mwisho kulia hawana majina. Mmoja ana bandeji gotini. Mwenye mzee nyumbani amwonyeshe kesho asubuhi, asingoje wikiendi.