Je, vijana wafundishwe hila za kamari kwa ajili ya mazingaombwe?

Msanii wa Kisauni
Nafanya mazingaombwe kwenye mahoteli ya pwani ya kaskazini ya Mombasa. Wageni wa siku hizi leso na kamba haziwatoshi, wataka meza ya kamari: nichange karata mbele yao, wakate wenyewe, kisha nijigawie ree zote nne. Hilo haliji kwa bahati. Kugawa karata ya chini huku mtu akiapa umegawa ya juu, kugawa ya pili ukiiacha ya kwanza mahali pake, kuchanga bila kuvuruga mpango wako, yote yataka miaka ya mazoezi. Vijana wa mtaani wameniomba niwafundishe, wakubwa wamenikataza, wasema nitazalisha wezi. Nifundishe, nisifundishe?

Bi Mkubwa Majengo
Usifundishe, mwanangu. Pata potea, ile kamari ya barabarani ya kukisia karata moja kati ya tatu, imewaliza watu wangapi mji huu? Mtu ashuka matatu na karo ya mtoto mkononi, afika nyumbani hana hata nauli. Na Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi katika Suratul Maida. Mkono ukishazoea kuficha karata, hauchagui jukwaa wala barabara.

Nahodha
Bi Mkubwa, kwa heshima yako, pata potea ina hila moja kubwa tu na yaelezeka hapa hapa. Yule jamaa ashika karata mbili mkono mmoja, moja juu ya nyingine. Wewe waamini aliyoitupa kwanza ni ya chini, kumbe ameachilia ya juu. Basi jicho lako lafuata karata isiyokuwa. Na hata hilo halimtoshi, kazi kubwa yafanywa na wale wenziwe wanaosimama pembeni wakijifanya wateja na kushinda kila mara. Kijana anayelijua hili haliwi pesa yake.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1902 huko Marekani kilitoka kitabu cha mtu aliyejiita Erdnase, ambaye mpaka leo jina lake halisi labishaniwa. Ndani mna hila za meza ya kamari na mna mazingaombwe, pamoja. Dai Vernon, mwanamazingaombwe Mkanada, alikisoma tangu udogo wake, na mwaka 1932 alifunga safari mpaka Pleasant Hill, Missouri, kumtafuta mcheza kamari Allen Kennedy aliyeweza kugawa karata kutoka katikati ya fungu. Vernon hakuitaka ili aibe. Aliitaka kwa sanaa yake.

Na kama ni wezi wa karata, mbona wazee wa barazani Mji wa Kale hawakatazwi? Kila jioni wakonyezana mchana kweupe.

Mzee wa Baraza
Wewe Nahodha, adabu! Baraza hiyo mimi nimeikalia kabla hujazaliwa. Hatuchezei pesa sisi, na kumtazama mwenzako mnayecheza naye si wizi. Mchezo wa wawili wawili una macho yake, na upande wa pili nao wana macho yao. Kila mtu pale ajua. Wizi ni kumficha mtu jambo asilolijua.

Shupaza
Mzee, kwenye briji, mchezo mwingine wa karata wa wawili wawili, hilo lingewaponza. Mashindano ya dunia ya Buenos Aires, 1965, Waingereza wawili, Reese na Schapiro, walishtakiwa kwamba wanaambiana idadi ya kopa walizonazo kwa namna vidole vilivyoshika karata. Shirikisho la dunia likawatia hatiani. Uchunguzi wa kwao Uingereza ukawasafisha. Watu wabishana hadi leo.

Mzee wa Baraza
Mimi si Mwingereza.

Bi Mkubwa Majengo
Mzee wangu, wasema hamchezei pesa. Kahawa na kashata zalipwa na nani?

Mzee wa Baraza
Waliofungwa. Ni desturi.

Bi Mkubwa Majengo
Basi mwachezea kitu! Aliyefungwa atoa, aliyeshinda anywa. Nimekaa kimya miaka yote, lakini leo umelileta mwenyewe.

Wakili Tudor
Nirudi kwa kijana kidogo. Sheria ya makosa ya jinai yamwandama anayechukua mali ya mtu kwa hila. Hadhira ya hotelini imelipa ili idanganywe na yajua hivyo, kwa hiyo hapo sioni kosa. Asikubali kucheza kwa dau na wageni baada ya onyesho, hata wakimsihi. Ama hiyo kahawa, Bi Mkubwa ana hoja.

Nahodha
Ana hoja kabisa!

Mzee wa Baraza
Wewe nyamaza, ndiwe uliyeanza. Kikombe cha kahawa chungu ni kamari? Mbona vijana wabonyeza ile kamari ya Aviator kwenye simu usiku kucha, mishahara yaisha, na hakuna aliyelia hapa?

Msanii wa Kisauni
Wazee wangu, nauliza kuhusu darasa. Kuna Mmarekani, Richard Turner, haoni, na agawa karata ya pili mbele ya watu wanaoona wasimkamate. Kazi ya namna hiyo yamfunza kijana subira kuliko simu hiyo. Nataka darasa liwe wazi, wazazi wakae ndani.

Bi Mkubwa Majengo
Wazazi wakikaa ndani, na dau lisiwekwe hata la pipi, nitamtuma mjukuu wangu na nitakuja naye. Nataka kuiona hiyo ya karata mbili mkono mmoja. Lakini mzee hajanijibu habari ya kahawa.

Mzee wa Baraza
Nimekujibu. Kuanzia kesho kila mtu atajilipia chake kabla karata hazijachangwa. Umeridhika?

Bi Mkubwa Majengo
Na kukonyezana?

Mzee wa Baraza
Kukonyezana kutabaki.