Tupeane uzoefu: tivii mpya na hom thieta ya zamani, mliunganishaje?

Habari zenu wana kusini. Hom thieta yangu ni ile yenye deki, spika tano na sabufa, niliinunua kwa hela ya korosho 2012 na mpaka leo inatikisa bati, siko tayari kuitupa. Sasa nimechukua tivii ya inchi 43, nyuma nikaona matundu mekundu na meupe nikachomeka waya kama zamani, kimyaaa. Nikanunua waya mwingine hapa sokoni Mtwara, vilevile. Muuzaji akanipa kiadapta cha HDMI kwenda AV, nacho holaa, maana HDMI za kawaida za tivii zinapokea tu. Kumbe na yale matundu kwenye tivii nyingi za sasa ni ya kuingiza, sauti inatokea kwenye optiko (tundu linalopitisha sauti kwa mwanga), HDMI iliyoandikwa ARC, au tundu la hedifoni kama lipo. Kilichoniokoa ni kidude cha DAC, kinachogeuza sauti ya dijitali kuwa ya waya wa kawaida: waya wa optiko unaingia upande huu, upande wa pili unatoka nyekundu na nyeupe mpaka AUX, tundu la kuingiza sauti kwenye hom thieta, na umeme kinachukua USB ya tivii. Wengine mlifanyaje?

Masasi: Kaka mimi na DAC hiyohiyo niliteseka wiki nzima, taarifa ya habari inasikika safi ila nikiweka muvi ya flashi picha inatembea sauti hamna, mara mikwaruzo tu. Nikakaribia kuirudisha dukani. Dogo wa jirani akaingia setingi za sauti, akatoa Auto akaweka PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa), ikaongea hapohapo. Hizi DAC za bei ndogo hazisomi Dolby, ile sauti iliyobanwa ya muvi, ziwekeeni PCM mapema.

Lindi mjini: Mimi nilipita bluutuu, muziki sawa ila tamthilia mdomo unatangulia maneno yanafuata, mama akakataa kabisa kuangalia. Nikarudi kwenye waya.

Newala: Yangu ina tundu la hedifoni, nikanunua waya wa pini ndogo kwenda nyekundu na nyeupe basi, sauti naongezea rimoti ya tivii.

Mikindani: Tulio karibu na bahari chumvi inakula pini, spika ya kulia ilikuwa inakata nikadhani imeungua, kumbe kutu ya kijani kwenye AUX, nikafuta kwa spiriti ikarudi. Na waya wa optiko una vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha, vitoeni, mimi nililazimisha navyo nusura nivunje tundu.

Nachingwea: Mwenye mada, spika zote tano zinalia?

Mwenye mada: AUX ni njia mbili tu mkuu, kushoto na kulia, hizo za nyuma zinapata kile hom thieta inachogawa yenyewe. Angalia nyuma ya yako, kama ina tundu la optiko la kuingiza unganisha moja kwa moja bila DAC, hapo PCM usiweke, acha Dolby ipite.

Nachingwea: Ninalo! Nilikuwa nalifunika na gundi vumbi lisiingie. Jioni naleta mrejesho.